Dawati la malalamiko kwa macho ya karani wa korosho

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, AMCOS, katika kijiji kimoja wilayani Nachingwea. Ikifika Oktoba maisha yangu ni mizani na kitabu. Mkulima analeta magunia, tunapima, naandika jina lake, kilo, daraja na tarehe, nagonga mhuri, nachana nakala yake nampa mkononi. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho mwaka 2007, na mkulima wa huku kwetu ameshaelewa kwamba mzigo hauachwi ghalani bila karatasi. Mwambie, "Nenda tu mzee, nitakukumbuka," uone kama atatoka mlangoni.

Kwa macho hayohayo nataka kuieleza huduma ya dawati la malalamiko la serikali, ambayo nimeitumia kwa niaba ya baba yangu tangu Machi 2023. Ni ofisi mbili, zote mkoani Lindi. Sizitaji. Ile ya kwanza, watumishi niliowakuta huenda wamehamishwa na waliopo sasa hawana kosa. Ya pili, dada aliyetuhudumia hakuomba sifa, na sitaki foleni ya mkoa mzima imwangukie yeye peke yake.

Baba yangu alikwenda vita vya Kagera akiwa mgambo. Alikuwa na miaka 23. Majeshi ya Idi Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Mwalimu alitoa ile hotuba ya uwezo, sababu na nia ambayo kila mtu wa rika la Baba anaijua kwa moyo. Mgambo walikusanywa kutoka vijijini nchi nzima, wakapandishwa kwenye malori na mabasi yaliyochukuliwa kwa kazi hiyo, wakapewa mafunzo na bunduki. Baba aliangukia Brigedi ya 201, iliyokuwa na mgambo wengi. Ndiyo iliyopigwa Lukaya usiku wa tarehe 10 Machi 1979, kwenye barabara inayokatiza kinamasi kuelekea Kampala, Walibya waliotumwa kumsaidia Amin walipofyatua makombora. Kipande cha chuma kiliingia juu ya goti la kushoto la Baba. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili yeye alikuwa kitandani, akasikia kwa redio.

Alirudi kijijini na karatasi ya kuachishwa yenye mhuri. Aliiweka kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda. Miaka ikapita, mchwa wakaila pamoja na picha ya harusi.

Watu wananiuliza kwa nini hakudai mapema. Atakayeuliza hivyo hakuiishi miaka ile. Vita vilipokwisha Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mkanda miezi 18. Baba alirudi akakuta kijiji hakina sukari, hakina sabuni, kanga inapatikana kwa foleni ya alfajiri, na mama yake anafulia majani ya mpapai. Nani angeanza kusema mguu unamuuma? Miezi 18 ikaisha, hali ikawa ngumu zaidi, na mtu aliyenyamaza miaka mitano huona aibu kufungua mdomo mwaka wa sita. Alinyamaza mpaka mguu ulipokataa kupanda mkorosho.

Na anachodai si gunia la fedha. Ni mambo mawili. Aandikwe popote wanapoandikwa watu waliokwenda Kagera, na mguu wake utibiwe kama mguu wa vitani, asiwe kila mara anaambiwa ni uzee.

Sasa ofisi ya kwanza.

Ukutani pana Mkataba wa Huduma kwa Mteja, umechapwa vizuri, una ahadi kwa idadi ya siku. Nimeusoma wote kwa sababu muda nilikuwa nao. Pembeni pana sanduku la maoni, kufuli lake limeshika kutu. Pana benchi moja la mbao lisilo na egemeo, na hapo ndipo wazee hukaa kuanzia saa mbili asubuhi.

Kijana aliyetupokea siku ya kwanza alikuwa na adabu. Alisimama akasema shikamoo, akampa Baba mkono. Akauliza, "Mzee, una barua ya kuachishwa?" Baba akasema mchwa walikula. Kijana akasikiliza, akaandika mistari minne mitano kwenye karatasi nyeupe ya kawaida, akaikunja, akaiweka chini ya kikombe cha kalamu. "Nimelipokea, mzee. Tutakupigia."

Nikamwomba namba ya kumbukumbu. Akasema haina haja, ameshachukua simu yangu. Nilitazama ile karatasi chini ya kikombe na nilijua, kama karani, kwamba tumeacha mzigo ghalani bila stakabadhi. Nilipaswa kukataa kuondoka. Sikukataa, kwa sababu Baba alikuwa ameshaanza kumshukuru.

Safari ya pili yule kijana alikuwa likizo na karatasi haikuonekana. Ya tatu tulimkuta mtu mpya, akasema tuanze upya. Ya nne tukaelekezwa kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, ambaye siku hiyo alikuwa vijijini, na kwa haki yake niseme kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Ya tano, Februari 2024, tukaambiwa jambo hili si la ofisi ile, ni la jeshi.

Miezi 11. Kama si lenu, semeni siku ya kwanza. Jibu hilo halihitaji jalada wala kikao. Mimi mkulima akiniletea ufuta kwenye mizani ya korosho namwambia palepale aende wapi, simweki kwenye benchi mpaka Februari. Nauli za watu wawili, pikipiki kutoka kijijini hadi barabarani, chai na fotokopi za barua ya mtendaji wa kijiji, nimeandika zote: shilingi 263,500 kwa safari tano. Ni zaidi ya gunia moja na nusu la korosho kwa bei tuliyolipa wakulima msimu ule.

Lakini fedha siyo kilichoniumiza zaidi. Mazungumzo yote matano niliketi pembeni ya Baba. Mara ya kwanza alieleza kwa saa nzima. Alimtaja rafiki yake aliyekuwa akitembea mbele yake pale Lukaya, mtu wa Newala, jinsi alivyokuwa akiimba taratibu ili asisinzie, na jinsi wimbo ulivyokatika. Mimi nina miaka 38 na sikuwahi kulisikia jina la mtu huyo nyumbani kwetu. Mara ya pili yule rafiki alitajwa bila wimbo. Mara ya tatu hakutajwa. Mara ya nne Baba alitaja brigedi na tarehe tu. Mara ya tano aligonga goti na kusema, "Nilikuwa vitani, mguu ndiyo huu," akanyamaza.

Hakuna aliyekuwa ameandika. Kila mara walipomwambia aanze upya alikuwa anatoa kitu ambacho hakirudi, na ofisi haikubaki na chochote. Ndiyo maana naipa alama moja kati ya tano, na hiyo moja ni ya ile shikamoo.

Tukiwa njiani kurudi safari ile ya tano, basi lilipopita Nyangao, Baba alinionyesha upande wa Mahiwa. Pale Oktoba 1917, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza na Wajerumani walipigana siku nne, na waliokufa na kubeba mizigo walikuwa wengi wao Waafrika. Akanisimulia kisa ambacho nimekisikia pia kwa wengine. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wazee waliopigania Mjerumani katika vita vile. Wakakusanyika Mwanza. Inasimuliwa kwamba wachache tu ndio waliokuwa na vyeti. Basi aliyekuja na fedha akampa kila mzee ufagio, aushike kama bunduki, akaanza kutoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna mzee aliyekosea.

Kama kilitokea hivyohivyo au kimeongezwa chumvi, wasimulizi ndio wanajua. Baba alicheka aliposimulia, halafu akauliza, "Mimi nani atanipa ufagio?"

Ofisi ya pili tuliifikia Juni 2024, Lindi mjini, kwa kuelekezwa na mwalimu mmoja mstaafu. Nilikwenda bila matumaini. Nilimsindikiza Baba kwa sababu mimi ni mwanawe.

Dada wa dawatini alikuwa na daftari kubwa la mistari, lenye namba zilizochapwa pembeni. Kabla Baba hajafungua mdomo, aliandika tarehe na jina, akanakili namba kwenye kikaratasi, akampa. Mwanzoni kabisa! Niliona mkono wa Baba ulivyokikunja kile kikaratasi na kukitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Kisha akaketi sawasawa.

Yule dada alikuwa anajua kuuliza. Hakuanza na "una barua?" Aliuliza mlikusanyikia wapi, mlipanda gari la aina gani, nani alikuwa kamanda wa kombania, mliokwenda pamoja kutoka tarafa yenu ni akina nani, ulilazwa wapi, nani alikuwa kitanda cha jirani. Aliuliza namba ya bunduki. Baba aliitamka bila kusita, tarakimu baada ya tarakimu, baada ya miaka 45. Nikakumbuka ufagio wa Mwanza. Hata yule rafiki wa Newala alirudi, pamoja na wimbo wake, na dada akaandika jina lake kwenye daftari.

Alipomaliza akamsomea yote. Baba akasahihisha sehemu mbili. Kisha akasema, "Mzee, fedha sikuahidi, nishani sikuahidi. Jibu utapata, ndani ya siku 21 za kazi. Zikipita, njoo na namba hiyo uniulize mimi."

Kitu kingine alichofanya, na hiki nakisifu kama mtu wa ghala. Aliligawa lalamiko. Sisi huwa hatuchanganyi daraja la kwanza na la pili kwenye gunia moja, kwa sababu gunia zima litashuka. Alisema suala la kumbukumbu za vita litakwenda jeshini na litachukua muda, ila suala la mguu halina sababu ya kulisubiri. Baba ana zaidi ya miaka 60, hana kipato, na Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003 inawatambua watu kama yeye kwa matibabu bila malipo. Akaandika barua ya utambulisho palepale. Wiki iliyofuata goti lilipigwa picha. Kipande cha chuma kimo, kinaonekana cheupe kama punje ya mchele. Miaka yote hiyo alikuwa anaambiwa ni baridi yabisi.

Jibu lilikuja siku ya 19. Kwanza ujumbe wa simu, kisha barua. Kwa ufupi ni kwamba kumbukumbu hazijaonekana kwa jina lililoandikwa. Inawezekana jina lilinakiliwa tofauti mwaka 1978, kwa hiyo atume majina yote aliyowahi kuyatumia, pamoja na maelezo ya watu wawili waliokuwa naye. Ni jibu la kutokupata, lakini Baba alilala vizuri usiku ule. Aliniambia kwamba tangu arudi vitani ni barua ya kwanza kutoka serikalini inayomhusu yeye kama mpiganaji.

Kasoro zipo hata hapa na lazima nizitaje. Dawati liko ghorofani, na ngazi hazina mahali pa kushika. Mtu mwenye chuma gotini anapandishwa ngazi 22 kwenda kueleza kwamba goti linauma. Hakuna faragha kabisa. Baba alizungumza habari za maiti mbele ya kijana aliyefuata kitambulisho na akina mama wawili wa mgogoro wa kiwanja. Wangeweka hata pazia. Halafu lugha ya barua. Ilianza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", ikaendelea na maneno ambayo Baba, anayesoma gazeti bila miwani, alinirudishia akasema, "Mwanangu, hawa wamenikatalia au wamenikubalia?" Ilibidi niisome mara mbili na mimi. Lalamiko lilipokelewa kwa Kiswahili cha mtu na mzee wake, na jibu lingeandikwa vivyo hivyo. Kwa hayo nimewakata alama moja. Nawapa nne.

Baba husema enzi zao kulikuwa na Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi mwaka 1966, ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Anakumbuka ilipita wilayani, watu wakakaa mbele ya wale makamishna na kueleza afisa gani amewaonea. Kazi yake sasa iko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza mwaka 2001, na ina ofisi Lindi. Kupeleka lalamiko pale ni bure. Natamani kitu kimoja cha tume ile ya zamani kirudi, nacho ni kuwafuata watu walipo. Wazee wa Kagera sasa wako kwenye sabini na themanini. Mtu mwenye miaka 78 aliyeko ndani huko Liwale hawezi kuja mjini mara sita. Mweke afisa mmoja kwenye gari na daftari la aina ile, akae siku mbili kila tarafa, aandike. Hata asipoahidi kitu. Aandike tu, kwa sababu kila msiba unaotokea huku kwetu unaondoka na namba za bunduki na majina ya makamanda, na baada ya hapo hata serikali ikitaka kuwatendea haki haitakuwa na pa kuanzia.

Na vita havikuishia 1979. Jirani zetu wa Mtwara, kando ya Ruvuma, wanajua. Kijiji cha Kitaya kilishambuliwa Oktoba 2020 na watu waliovuka mto kutoka Msumbiji. Nawaomba wote wenye lolote la kudai kutokana na usiku ule, mali au mtu, waliandikishe sasa wakati bado wanakumbuka nani alikuwa wapi, na wadai namba. Ukiwa na simu ndogo ya kitochi, e-Mrejesho, mfumo wa serikali wa kupokea malalamiko na maoni, unafikika kwa *152*00#. Kwa jambo la maneno mengi kama la Baba mimi ningekwenda kwa miguu nikaone linaandikwa, ila kwa kuuliza limefikia wapi simu inatosha.

Ukienda, nenda asubuhi. Nenda na mtu anayejua kuandika, aandike jina la aliyekupokea, saa na alichosema. Usimpe mtu karatasi halisi, mpe fotokopi. Ukiambiwa "tutakupigia", jibu kwa upole kabisa kwamba utasubiri namba, kisha kaa. Nimejuta kutokukaa ile siku ya kwanza.

Wenzake Baba waliokufa vitani wamelazwa Kaboya, Muleba, na kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, nchi inasimama kwa ajili yao. Baba hufuatilia sherehe kwa redio, na wimbo wa taifa ukipigwa husimama, peke yake, pale barazani, kwa mguu ule. Mwaka huu nilimsikia anasema kwa sauti ya chini jina la yule wa Newala. Nikaingia ndani nikamwachia nafasi.

Shahidi mmoja tumeshampata. Yuko hai, Liwale, walikuwa kombania moja. Nilimpigia, mjukuu wake akapokea, akasema babu hasikii vizuri kwenye simu ila akitajiwa Lukaya ananyoosha mkono wa kulia kuonyesha Walibya walikotokea. Tunakwenda Jumanne, kabla mizani haijafunguliwa. Nimenunua daftari la mistari. Namba ya lalamiko nimeiandika ukurasa wa kwanza, na Baba ameiandika kwa kalamu ya wino nyuma ya mlango, juu ya mahali linapoishia doa la mchwa.